Alama Niliyoichora Dukani kwa Mzee Saleh

Tangu nistaafu, Mwalimu Grace wa somo la historia ananipigia simu na neno lake ni lile lile. "Babu, andika. Hawa vijana wanaokuja kushika maktaba hawajui hata gundi inapikwaje." Nikamwambia elimu yangu ni ya kidato cha nne, tena mtihani wenyewe niliupita kama mtu anavyompita mbwa aliyelala. Akasema ndiyo maana. Basi naandika. Vyeo siviweki kwa sababu sikuwa navyo: niliingia mhudumu wa maktaba, nikatoka mhudumu wa maktaba. Mshahara mnaujua nyie mnaoupokea sasa, tusitoneshane vidonda. Inabaki kazi yenyewe, na jambo moja ambalo Mwalimu Grace halitaji kwenye simu, ila najua ndilo analolitaka, maana kila akimaliza habari za gundi hunyamaza kidogo.

Mie ni mtu wa nyumbani. Kazi hii niliipenda kabla sijaijua kwa sababu moja tu, shule ilikuwa ng'ambo ya barabara, ukitoka mlangoni kwangu hapa Kiwalani unaiona. Kuna wenzangu walitafuta kazi Posta katikati ya jiji, wengine Msasani kwa matajiri, wakawa wanatoka na giza wanarudi na giza. Mie nilikuwa narudi nyumbani kunywa chai ya saa nne na mke wangu bado hajamaliza kufagia uwanja.

Siku ya kwanza nilivaa suruali ya kupiga pasi na shati la harusi ya kaka yangu. Nikamkuta Bwana Mbwana, mkubwa wa maktaba, amekaa chini sakafuni, kitabu kimefumuka mapajani kwake kama samaki aliyepasuliwa. Nikampa shikamoo. Hakuitikia. Akanyoosha ncha ya uzi. "Shika huku." Nikashika huo uzi mpaka mchana, yeye anashona mgongo wa kitabu kwa shazia ya kushonea magunia. Alipomaliza ndipo akasema, "Marahaba. Suruali imechafuka, sasa umeajiriwa."

Kwa Bwana Mbwana nilijifunza mambo ambayo nyie mkiyaacha vitabu vitakufa. Gundi ya dukani hukauka ikakatika, kwa hiyo pika ya unga wa ngano, uikoroge bila kupumzika, utie shabu kidogo ili mende wasidhani umewaandalia chakula. Mvua za masika zikianza, sogeza rafu mbali na ukuta. Usimpe mtoto kitabu mkono ukiwa na mafuta ya chapati, maana kesho atasema ni wewe uliyeanza. Na kuna neno alilisema siku moja tu, mie ndiyo kwanza nimewatoa nje vijana waliokuwa wanacheka. Akaniita. "Mtoto akicheka maktaba usimfukuze. Muulize anacheka nini. Ukishajua, ndiyo uamue kama utacheka naye." Nikaona ni maneno ya mzee aliyechoka. Alipostaafu akaniachia shazia, muhuri na neno hilo. Muhuri niliutunza vizuri sana.

Kesi ngumu zilikuwepo. Kitabu cha baiolojia kilikuwa kinarudi kila mara bila ile sura ya uzazi, tukawa tunawafundisha watoto kwamba binadamu anaanzia kwenye mifupa. Atlasi moja ilirudi ikinuka dagaa, na mkopaji akaapa kwamba hajawahi kula dagaa maishani mwake, huku ananilainishia macho. Mie kesi hizi nilizimaliza kwa utani. Kila mwanafunzi nilimpa jina. Aliyechelewesha vitabu nilimwita Mzee wa Mirathi, aliyekunja kurasa nilimwita Sambusa. Walicheka, nami nikajiona nina kipaji. Mtu akikaa miaka mingi nyuma ya meza moja anaanza kudhani kila mtu anacheka naye, kumbe anacheka peke yake.

Miaka yangu ya mwisho mwisho ndipo akaja Mwalimu Grace. Ni binti wa Songea, mpole wa sauti, ila ana macho ya mtu anayehesabu chenji yake mpaka mwisho. Mradi mmoja wa nje ulituletea sanduku la vitabu, na yeye akawahi kulifungua kabla mie sijatafuta bisibisi. Ndani mlikuwa na wasifu wa watu uliochorwa kwa picha, ukurasa baada ya ukurasa, kama katuni za magazetini, lakini maisha yenyewe ni ya kweli. Vingi vilihusu Maangamizi, yale mauaji ya mamilioni ya Wayahudi kule Ulaya wakati wa Vita Kuu ya Pili. Kitabu alichokipenda yeye kilikuwa cha mwanamke mmoja, Lena, aliyekuwa msichana mdogo wakati huo. Baba yake aliuza vitambaa. Familia nzima iliondolewa nyumbani kwao, akanusurika yeye peke yake, akazeeka, akamsimulia mchoraji.

"Babu," Mwalimu Grace akaniambia, "kitabu cha kiada kinawaambia watoto mamilioni wamekufa, wanaandika kwenye daftari, wanaomba ruhusa ya kwenda chooni. Nataka wamjue mmoja."

Shida ilikuwa lugha. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, na watoto wetu Kiingereza wanakijua kama mie ninavyoijua Msasani, kwa kusikia. Tukaamua hivi: yeye anatafsiri yale maneno ya kwenye viputo, vile viduara vinavyotoka midomoni mwa watu, mie nayaandika kwa mkono kwenye vipande vya karatasi nyeupe, nakata, nabandika juu. Kazi hiyo niliifanyia nyumbani mezani, mkasi wa mke wangu wa kushonea ukawa butu kabisa, tukagombana. Nawashauri muijaribu. Kiputo kidogo hakipokei maneno mengi, unalazimika kuchagua. Nikagundua kitu: kurasa za mwanzo, watu wanapocheka na kuuza na kununua, viputo vilinitesa. Kurasa za mwisho viputo vilikuwa rahisi kujaza. Mtu anayeondolewa kwake haongei sana.

Namna Mwalimu Grace alivyofundisha ilikuwa ya kwake. Alikata kadi ngumu, akaitoboa dirisha katikati, mtoto anaiweka juu ya ukurasa anaona picha moja tu. Halafu anauliza maswali yale yale kila siku. Mnaona nini? Nani yuko katikati? Nani yuko pembeni? Huyo wa pembeni anafanya nini? Hakuna cha "ungejisikiaje", hakuna cha kufumba macho mjifikirie. Wanafunzi walipoomba kufanya igizo la Lena siku ya mahafali, akawakatalia. Mie nikamwuliza kwa nini, igizo lingependeza, wazazi wangejaa. "Hatuwaigizi, Babu," akasema. "Sisi kazi yetu ni kuwaangalia vizuri, basi."

Sikumwelewa, lakini niliitikia kwa kichwa, ujuzi niliokuwa nao wa miaka mingi.

Ukurasa wa duka ndio ulioleta yote. Pale baba yake Lena anafika asubuhi anakuta kioo cha duka kimepakwa rangi, nyota kubwa ya kumtambulisha kuwa Myahudi na neno la kumtukana. Pembeni wamesimama watu wanatazama. Mchoraji alimchora yule aliyepaka rangi ana kitambi, ndoo inamning'inia. Kidato cha Tatu wakaangua kicheko. Kwao katuni ni ya kuchekesha, na mtu wa kitambi akiwa na ndoo hakuna haja ya kuuliza zaidi. Kijana mmoja, Shabani, akanyoosha mkono. "Mwalimu, kwani si angefuta tu? Rangi inatoka kwa petroli."

"Rangi angefuta," Mwalimu Grace akajibu. "Na hao waliosimama pembeni, angewafuta na nini?"

Darasa likanyamaza, nami kwenye meza yangu nikaona jibu zuri lakini halikutosha. Walikuwa wamenyamaza kama watu wasioelewa. Nyota ile kwao ilikuwa pambo. Nikaanza kuwaza, na mie nikiwaza ni vizuri mtu awe karibu anizuie.

Siku iliyofuata Mwalimu Grace alimpeleka mwanawe kliniki. Akaniachia kipindi. "Wasome kimya kimya ukurasa unaofuata, Babu. Usiwaongezee kitu." Nikamwambia aende salama. Nilikuwa nimeshaamua.

Sasa lazima niwajulishe Mzee Saleh. Duka lake linatazamana na geti la shule, mlango wa bluu, benchi nje, friji la soda. Ukoo wake ulitoka Arabuni enzi hizo ambazo hata yeye hazijui, kazaliwa Lindi, Kimwera anakisema vizuri kuliko mie Mmwera mwenyewe. Kabla ya kuja huku alikuwa na duka sehemu nyingine ya mji, likapigwa X likavunjwa kupisha barabara. Mie nilimwita Sultani wa Kiwalani, yeye aliniita Profesa. Nikimwambia, "Sultani, leo umepunja sukari," ananijibu, "Nimeipunja kwa sababu ya meno yako, Profesa, yamebaki ya kuhesabika." Tumeishi hivyo tangu vijana wangu wakiwa wadogo. Adhuhuri akienda kuswali hakuwa anafunga duka. Aliegesha ufagio mlangoni, basi, kila mtu anajua mwenyewe yuko msikitini, ukiwa na haraka chukua kitu chako utamlipa akirudi.

Nikawakusanya Kidato cha Tatu nyuma ya ua wa michongoma, tukilitazama duka. Nikawaambia nyota hamuijui, lakini X mnaijua. Nani hapa haijui? Hakuna aliyenyoosha mkono. Mtoto wa huku kwetu anaijua X nyekundu kabla hajaijua herufi yenyewe. Ikichorwa ukutani kwako maana yake nyumba inavunjwa, kaa mkao wa kuhama. Nikasema leo mtaona mtu anavyokuta alama mlangoni kwake, na muangalie uso wake, tutajadili. Msichana mmoja, Neema, akaniuliza, "Babu, yeye anajua?" Nikamwambia akijua litakuwa somo gani.

Nilichukua rangi nyekundu ya mabango ya mahafali. Mzee Saleh alipokwishaegesha ufagio na kupotea kwenye kona, nikavuka, nikachora X juu ya mlango wa bluu, kubwa, ya mistari iliyonyooka. Nikarudi mbio na magoti yangu haya, wanafunzi wanajizuia kucheka. Niliona fahari. Nilikuwa namwona Mwalimu Grace akirudi na mie nikimwambia, mwanangu, wameelewa.

Mzee Saleh akarudi. Akafika mlangoni akasimama. Ndege ikawa inashuka kuelekea uwanjani, kelele zile ambazo sie huku tumezoea kuzisubiri ziishe ndipo tumalizie sentensi, naye akasubiri vivyo hivyo, kana kwamba ndege ikishapita alama itakuwa imekwenda nayo. Hakupiga kelele. Hakutukana. Akaondoa ufagio, akakaa kwenye benchi, akavua kofia akaishika.

Nilikuwa nimepanga kutoka hapo hapo. Niwe nimeshavuka nikimcheka, naye anikimbize na ufagio. Lakini kabla sijaondoa mguu akafika jirani yake wa kulia, fundi wa kuchomelea. Akaitazama X, akashika kidevu.

"Pole, Mzee wangu. Wamekupa muda gani?"

"Sijui. Nimeikuta."

"Dah. Hawa watu hawana utu." Macho yakapanda juu kwenye paa. "Sasa hizi bati, Mzee, ukivunja usimpe mtu wa mbali. Mie nipo."

Akaja mama anayepika chipsi pale pembeni, anajifuta mikono. Akampa pole ndefu, akamwombea kwa Mungu, akasema dunia hii. Kisha akasema, "Lile friji, baba, utalihangaikia wapi kwenye kuhama? Niachie mie. Jirani kwanza." Na wa tatu, huyo hata hakukaa karibu. Alimpa pole akiwa anatembea, akapita ubavuni mwa duka akipima kwa hatua, akazunguka nyuma, akarudi. "Kumbe mstari wao wa kuvunja unaishia hapa. Huku nyuma pamesalimika. Kibanda changu kitatosha."

Hawa si watu wabaya. Nimekula msibani kwao nao wamekula kwangu. Walimpa pole ya kweli, na walitaka bati za kweli.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo Mwalimu Grace huwa ananyamaza kwenye simu. Kwenye kitabu cha Lena, ukurasa ule niliotakiwa kuwasomesha kimya kimya, majirani wanakuja kuomba cherehani huku mama yake Lena bado amekaa nayo, mguu uko kwenye kanyagio. Nilikuwa nimeubandika viputo ukurasa huo mwenyewe. Na pale nyuma ya michongoma, nikimtazama rafiki yangu anaombwa friji lake, sikuona huruma. Nilifurahi. Nilisema moyoni, ukurasa wa cherehani huo, umekuja wenyewe. Nikawanong'oneza wanafunzi, "Tulieni, subirini." Nikamwacha pale benchini ili somo likolee.

Mzee Saleh akanyanyuka akaingia ndani. Tukamwona anashusha majani ya chai kutoka rafu ya juu, anayapanga kwenye boksi. Anapanga taratibu, kwa ujuzi, chepesi juu kizito chini. Alikuwa mtu aliyewahi kuhama.

Neema hakuomba ruhusa. Alipita kwenye uwazi wa ua, akavuka barabara bodaboda ikimkwepa, akaanza kuisugua ile X kwa mkono wa sweta lake. "Babu Saleh, siyo kweli," alikuwa anasema. "Siyo ya serikali. Ni sie. Ni Babu Maktaba." Rangi ikatapakaa, mlango ukawa mwekundu nusu nzima.

Ndipo nikatoka, kicheko kikiwa tayari mdomoni, nilikwishakiandaa sikuwa na kingine. "Sultani, leo umeingia mkenge."

Fundi wa kuchomelea alianza kucheka akaona yuko peke yake akaacha. Mzee Saleh alinitazama mie, akaitazama ndoo ya rangi kule kwenye michongoma nilikoisahau, akayaweka chini majani ya chai.

"Wewe ulikuwa unacheza," akasema. "Nimekuelewa. Na hawa waliotaka bati, nao walikuwa wanacheza?"

Mama wa chipsi akasema mafuta yake yanaungua. Fundi akaangalia viatu. Yule wa kupima kwa hatua alikuwa ameshaondoka.

Mkuu wa shule aliniita, hayo nayaruka, alisema aliyoyasema na alikuwa na haki. Lililoniumiza ni darasa la Mwalimu Grace siku iliyofuata. Aliniambia niwepo. Hakunigombeza. Alisimama mbele ya Kidato cha Tatu bila kitabu, akauliza maswali yake yale yale.

"Jana mliona nini?"

Wakasema duka, wakasema X.

"Nani alikuwa katikati?"

"Babu Saleh."

"Nani alikuwa pembeni?"

Wakawataja majirani, mmoja mmoja, na walichokitaka. Kisha Shabani, yule wa petroli, akanyoosha mkono nusu, halafu wote. Hakunitazama. "Na Babu alikuwa pembeni."

"Alikuwa anafanya nini?"

"Alikuwa anatabasamu, Mwalimu."

Nilimwagiza mtoto yule aangalie uso, naye aliangalia. Ila hakuangalia ule niliomwonyesha.

Baada ya kipindi nikamfuata Mwalimu Grace mlangoni nikaanza kujieleza, kwamba nilitaka waguswe, kwamba nyota ile haikuwa inawaingia. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa. "Babu," akasema, "jibu nililompa Shabani lilikuwa limeanza kumwingia. Ungemwacha nalo siku moja tu. Alikuwa amenyamaza kwa sababu anafikiri." Bwana Mbwana aliniambia nimuulize mtoto anacheka nini. Mie hata anayenyamaza sikumuuliza.

Nyumbani nikaumwa. Ugonjwa wangu ulikuwa unapanda kila vitu vya dukani vinapokwisha. Mke wangu alinivumilia siku kadhaa.

"Sukari imekwisha," akasema. "Na leo unakwenda wewe."

"Kichwa kinauma."

"Kinauma toka juzi hicho kichwa. Duka liko karibu kuliko hospitali."

"Mtume mtoto."

"Mtoto hakuchora kitu."

Nikaenda baada ya Alasiri. Mlango ulikuwa umepakwa bluu mpya, nyekundu bado inachungulia kwa chini. Nikamwomba radhi, kwa maneno niliyokuwa nimeyapanga, nikayakosea yote. Alikuwa anafunga sukari kwenye karatasi, akaendelea kuifunga mpaka ikakaa sawa.

"Nilikusamehe siku ile ile," akasema. "Wewe ni mjinga, hilo sikuanza kulijua leo. Lakini kuna kitu nilikuwa sikijui, na nilikuwa naishi vizuri bila kukijua. Umenifundisha. Si ndiyo kazi ya shule?"

"Sultani..."

"Chenji yako hii hapa. Karibu tena."

Hakuniita Profesa. Sukari nilipoipima nyumbani ilikuwa imezidi kidogo, na hilo lilinitesa kuliko angeipunja. Tangu siku hiyo Adhuhuri ikifika anateremsha mlango na kutia kufuli, hata kama anakwenda kwa dakika za kuhesabika. Mama wa chipsi alimuuliza kwa nini siku hizi anajitesa na kufuli, watu wote wanaojulikana. Akamjibu kwa upole kwamba mambo yamebadilika, wezi wamekuwa wengi. Yule mama akakubaliana naye, akasema kweli kabisa, siku hizi humwamini mtu.

Nilifanya kazi muda baada ya hapo, na katika muda huo niliacha kuwapa wanafunzi majina. Si kwa wema. Kila nikitaka kutamka jina nilikuwa naona uso wa Shabani ukiniangalia ninavyotabasamu, jina linakwama. Wao walidhani nimezeeka. Neema alinisaidia kubandika viputo vya vitabu viwili vilivyobaki kwenye sanduku. Tulikuwa tunafanya kazi bila maneno mengi, na hakuwahi kunitupia lile suala. Mtoto mwenye adabu anaweza kumtesa mtu sana.

Kwa hiyo nyie mnaobaki, vitabu vya Lena viko rafu ya chini upande wa dirisha, mbali na ukuta unaovuja. Viputo vikibanduka tumia gundi ya unga, msisahau shabu. Kadi za Mwalimu Grace zenye dirisha ziko kwenye boksi la viatu. Mwanafunzi akicheka, muulizeni. Akinyamaza, mwacheni mpaka aseme mwenyewe, hata kengele ikilia. Msitafute mtu wa kumfanyia majaribio ili watoto waamini. Picha zile zimechorwa na mtu aliyemsikiliza Lena kwa muda mrefu, zinatosha, mkizipa nafasi. Mie sikuziamini, nikaona Kiwalani inahitaji nyongeza kutoka kwangu, na hiyo nyongeza ilimwangukia mzee aliyekuwa msikitini. Na kuna jambo sijalipatia jibu mpaka leo: watoto wale waliuelewa ukurasa wa cherehani. Waliuelewa barabara, kuliko darasa lolote. Mwalimu Grace mwenyewe alikiri. Aibu yangu ingekuwa nyepesi kama lile somo lingeshindwa.

Juzi, nilipokwishaamua kuandika, nikavuka kwenda kumwomba ruhusa. Nilimkuta anapanga mikate. Nikamweleza kwamba Mwalimu Grace anataka vijana wa maktaba wasome yaliyotokea, na kwamba bila yeye kukubali siandiki. Akaendelea na mikate.

"Andika," akasema.

"Yote?"

"Yote. Ila majina ya wale usiweke. Mie naamka nao asubuhi, nawauzia chai."

Nikasema sawa. Nikasimama kidogo, wateja wakapita. "Na langu?"

Akafuta mikono kwa kitambaa, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu niingie.

"Lako liweke. Yote matatu."

Hamisi Dadi Mchopa.